Mkono gani unafanya kazi? Uchambuzi wa rufaa ya fidia ya fundi wa jeshi

Dada mmoja mzaliwa wa Mombasa alitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kama fundi wa magari. Alitoka jeshini na mikono miwili inayokufa ganzi, akaomba fidia ya ulemavu, akanyimwa yote. Alirudi na dai la nyongeza, akapewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 20. Akaomba mapitio ya ngazi ya juu, akapata asilimia 50, na malipo yakahesabiwa tangu siku alipoonyesha nia ya kudai. Mikono ilikuwa ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Faili ndilo lililobadilika, na nataka tulifuate karatasi kwa karatasi, maana yaliyomkuta yanawakuta wengi wetu.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na mafaili ya watu zaidi ya mmoja, tena nimeacha jina, kikosi na kambi, ili asitambulike mtu. Sheria, viwango na hesabu ni vile vilivyo.

Walioingia jeshini kutoka kwetu wengi walifika Marekani kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani. Wengine walipitia mpango wa MAVNI, ambao hadi 2016 ulikuwa ukichukua wahamiaji wenye ujuzi wa lugha fulani, Kiswahili kikiwemo. Wengi hao waliangukia gereji, bohari, jikoni na zahanati, kazi ambazo mwili unaoumia kwanza ni mkono. Lakini mkono hauheshimiwi kama goti au mgongo. Askari anayechechemea huonekana, na anayeamka saa nane za usiku kukung'uta vidole vilivyokufa ganzi hana wa kumwona.

Kazini

Dada huyu alikuwa akifungua na kufunga magurudumu ya malori kwa spana ya upepo, ile mashine inayotetemesha mkono hadi begani. Mwaka wa tatu aliteleza kwenye ngazi ya lori akaangukia kiganja cha kushoto. Zahanati ya kambi iliandika "mteguko wa kifundo cha mkono", ikampa banzi, ibuprofeni ya miligramu 800 na siku chache za kazi nyepesi. Katika miaka yake yote ya utumishi, hiyo ndiyo karatasi pekee inayoutaja mkono wake.

Ganzi ilianza baada ya hapo, kwanza kushoto, kisha kulia. Hakurudi zahanati. Gereji ilikuwa na watu wachache, na kila aliyepewa kazi nyepesi aliwaongezea wenzake mzigo, basi akanyamaza. Siku ya kutoka jeshini alijaza fomu ya afya, na penye swali la ganzi au udhaifu wa mikono akatia alama ya "hapana", kwa sababu wenzake walimwambia kwamba "ndiyo" nyingi zitamchelewesha kurudi nyumbani.

Kwa aliye bado jeshini na anasoma hapa: kuna utaratibu wa kudai mapema, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Ukidai wakati huo unapimwa ukiwa bado umevaa sare, na maswali mengi yatakayofuata katika kisa hiki hayazaliwi kabisa.

Baada ya jeshi alipata kazi ya muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee. Ni kazi inayojulikana karibu na kila familia ya kwetu huku Marekani: kuwageuza wagonjwa kitandani, kuwaosha, kusukuma viti vya magurudumu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa dhidi yake.

Upimaji wa kwanza

Idara inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, ambayo sote tunaiita VA, hutaka mambo matatu. Ugonjwa uwepo sasa. Kuwe na jambo lililotokea wakati wa utumishi. Na kuwe na maelezo ya kitaalamu kwamba uwezekano wa hili kutokana na lile ni angalau nusu kwa nusu. Si lazima uthibitishe kwa uhakika wote. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inamwamulia mwenye dai.

Alipelekwa kwa mpimaji wa mkataba. Mpimaji alimsalimu na kumuuliza mikono yake iko vipi leo. Akajibu kama alivyolelewa kujibu mtu asiyemjua: iko sawa, si mbaya sana, nashukuru. Mtu wa pwani hamwagi shida zake kabla hata hajaketi vizuri. Ila katika ripoti jibu hilo liliandikwa kama maelezo ya mgonjwa kuhusu ugonjwa wake: dalili ni za wastani, anaendelea na shughuli zake zote.

Swali la pili lilikuwa anaandika kwa mkono upi. Kulia, akasema. Kisanduku cha "mkono mkuu: kulia" kikatiwa alama. Ilikuwa kazi ya sekunde moja, na tutaona iligharimu kiasi gani.

Kisha vipimo. Kifundo cha mkono kilicho kizima hukunjika kwenda nyuma hadi nyuzi 70 na kwenda upande wa kiganja hadi nyuzi 80. Chake cha kushoto kilifika 55 na 60, na maumivu yakaandikwa mwishoni mwa kila mwendo. Kuhusu neva, mpimaji alibonyeza kifundo, akaandika kwamba kuna dalili za karpali taneli, yaani kubanwa kwa neva kifundoni, mikono yote miwili, na kumalizia kwamba uwezekano wa kuwa zimetokana na utumishi ni chini ya nusu. Sababu alizotoa ni mbili: hakuna matibabu mengine jeshini baada ya ule mteguko, na mwenye dai anafanya kazi ya kunyanyua wagonjwa. Barua ya kukataliwa ikafuata, na maneno yake yalikuwa yale yale ya mpimaji.

Nikisoma ripoti kama hii huangalia kwanza kitu ambacho hakimo. Humu hamkuwa na hata sentensi moja kuhusu lini ganzi ilianza. Mpimaji hakuuliza, na dada hakujua kwamba anapaswa kusema bila kuulizwa.

Kuchagua njia

Tangu Februari 19, 2019, sheria mpya ya rufaa iliyopitishwa 2017 inampa aliyekataliwa njia tatu, na mwaka mmoja wa kuchagua tangu tarehe ya barua. Anaweza kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, kwa fomu 20-0995. Anaweza kuomba mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, ambapo mkaguzi mwenye uzoefu zaidi husoma faili upya bila kupokea karatasi yoyote mpya. Au anaweza kwenda moja kwa moja kwa Bodi ya Rufaa iliyo Washington, fomu 10182, ambako jaji ndiye huamua, na ambako foleni kwa kawaida ni ndefu kuliko mbili za kwanza.

Dada alitaka mapitio. Alikuwa na hasira, na mapitio yanaonekana kama mahali pa kumwambia mkubwa kwamba mdogo amekosea. Kwa hatua ile nadhani ingekuwa hasara. Kweli kulikuwa na kosa la kisheria: Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilishasema mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan, kwamba maelezo ya mwanajeshi hayawezi kutupwa kwa sababu tu hayana karatasi za hospitali za wakati ule. Lakini kanuni hiyo hulinda maelezo yaliyotolewa. Katika faili lake hayakuwemo. Fomu ya dai ilikuwa na mistari miwili: kifundo cha kushoto kinauma tangu jeshini, mikono inakufa ganzi. Mkaguzi asingekuwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo dai la nyongeza. Ukilipeleka ndani ya mwaka mmoja, tarehe yako ya kwanza haipotei, na alikuwa ameshaiweka mapema kwa fomu ya nia ya kudai, 21-0966, ambayo humpa mtu mwaka mzima wa kukusanya vitu vyake huku tarehe ikilindwa.

Ushahidi uliokuwa ndani ya simu

Alipoulizwa kama kuna mtu aliyemwambia kuhusu ganzi wakati yuko jeshini, alisema hapana, kisha akasita. Kuna dada yake mdogo, Mombasa. Walikuwa wakiandikiana WhatsApp karibu kila usiku. Akarudi nyuma katika mazungumzo hadi miaka ile, na ujumbe ukawepo, na tarehe zake juu: "Mkono umekufa ganzi tena, nimeamka naukung'uta kama mwenda wazimu." Na mwingine, miezi michache baadaye: "Leo nimeangusha spana mara mbili, sajini kanitazama."

Ujumbe ule wa kwanza una thamani kuliko alivyodhani. Kuamka usiku na kukung'uta mkono ili hisia zirudi ni alama ambayo madaktari wa mikono wanaijua vizuri. Neva ya kati ya mkono hupita kifundoni katika njia nyembamba, chini ya kano ngumu, pamoja na kano tisa za vidole. Njia ikibana, dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete hufa ganzi, hasa usiku, mtu anapolala na kifundo kimekunjika. Alikuwa ameueleza ugonjwa wake kwa usahihi, kwa Kiswahili, kwa mdogo wake, kabla hajamgeuza mgonjwa hata mmoja kitandani. Picha za ujumbe ziliingia kwenye faili pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mdogo wake aliandika maelezo ya shahidi kwenye fomu 21-10210. Sajini wake wa zamani naye aliandika, kwa ufupi, kwamba alimwona akiangusha vifaa na akibadilisha mkono katikati ya kazi. Mama yao, aliye Mombasa, akaandika pia. Nitamrudia.

Maelezo ya mwenyewe ndiyo yaliyochukua muda mrefu. Rasimu ya kwanza ilisema mikono inamuuma sana na inamsumbua kila siku. Hayo hayampi mwamuzi kitu cha kupima. Iliyokwenda ilisema anavaa fulana za kazi zisizo na vifungo kwa sababu vifungo vimemshinda. Kwamba chupa ya chai huimimina kwa mikono miwili. Kwamba akiendesha gari zaidi ya nusu saa hulazimika kuachia usukani mkono mmoja na kuuninginiza. Kwamba alikuwa akimsuka binti yake mwenyewe, sasa anampeleka saluni. Na ikasema wazi kwa nini alitia "hapana" kwenye fomu ya kutoka, bila kumlaumu mtu. Jambo kama hilo ni bora ulieleze mwenyewe kuliko mwamuzi alikute akupe sababu zake.

Mwisho, daktari wa mikono. Alifanya kipimo cha umeme wa neva: kushoto uharibifu wa kadiri, kulia mdogo. Katika barua yake alisema ameusoma mteguko, ameusoma ujumbe na tarehe zake, akaeleza jinsi mtetemo wa muda mrefu na jeraha la kifundo vinavyoweza kuibana neva, kisha akaingia kwenye kazi ya uuguzi bila kuikwepa: inaweza kuzidisha hali, ila dalili zilikuwepo kabla yake. Barua za namna hii hupimwa kwa hoja zake. Nimeona barua za mstari mmoja zenye mihuri ya wakubwa zikiwekwa kando, na ni haki, kwa sababu hazikueleza kitu.

Upimaji wa pili uliitishwa. Safari hii aliambiwa aingie akiwa amekumbuka siku yake mbaya na aieleze hiyo, kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo. Mpimaji aliona nyama ya chini ya dole gumba la kushoto imebonyea kuliko ya kulia, akaandika kwamba nguvu ya kushika imepungua. Uhusiano na utumishi ukakubaliwa kwa mikono yote miwili na kwa kifundo cha kushoto.

Asilimia 20, na makosa matatu ndani yake

Barua ilimpa asilimia 10 kwa neva ya kushoto, 10 kwa neva ya kulia, na 0 kwa kifundo. Ndugu na marafiki walimpongeza, wakamshauri asichokoze zaidi. Nawaelewa. Lakini barua ilikuwa na makosa, na safari hii kila kitu kilichohitajika kuyaonyesha kilikuwa tayari ndani ya faili. Hapo ndipo mapitio ya ngazi ya juu yanapofaa.

Kosa jepesi kuliko yote lilikuwa la kifundo. Kanuni ya 4.59 ya VA inasema kiungo chenye maumivu kinaposogezwa kinastahili angalau kiwango cha chini kinacholipwa, ambacho kwa kifundo cha mkono ni asilimia 10. Maumivu yalikuwa yameandikwa na wapimaji wote wawili, na eksirei ilionyesha mwanzo wa baridi yabisi pale alipoumia. Sifuri haikuwa na msingi.

Hapa niseme jambo kwa wale wanaopokea ushauri kutoka kwa wenye magoti na migongo. Watu hao hushauriana kueleza siku ambazo maumivu hulipuka, kwa sababu kwao nyuzi zinazopotea siku hizo zinaweza kupandisha asilimia. Kifundo cha mkono hakiendi hivyo. Kwa kukosa mwendo, kipengele cha 5215 cha jedwali la viwango la VA kinaishia asilimia 10, basi. Mahakama ya madai ya wanajeshi wa zamani ililisema hilo katika kesi ya Johnston, 1997, iliyohusu kifundo cha mkono: ukishafika juu ya ngazi hiyo, maelezo zaidi ya maumivu hayakupeleki popote. Juu yake kuna kipengele cha 5214, kinachoanzia asilimia 20 au 30 na kufika 50, lakini hicho ni cha kifundo kilichoganda kabisa. Watu wanapigania nyuzi tano za kifundo kwa miaka, na kumbe neva, ambayo ndiyo inayowaangushia vikombe, haijatajwa kwenye dai. Neva ina ngazi yake na hulipwa peke yake, mradi dalili zake zisihesabiwe mara mbili. Kesi ya Esteban ya 1994 iliweka hilo wazi.

Kosa la pili lilikuwa kuiita neva ya kushoto "kidogo". Kipengele cha 8515 kina ngazi za kidogo, kadiri, kali, na kupooza kabisa. Mtu mwenye ganzi tupu hawezi kupita kadiri. Huyu alikuwa na zaidi ya ganzi: nyama imepungua, nguvu ya kushika imepungua, na kipimo cha umeme kilisema kadiri. Neno la kipimo cha umeme halimfungi mwamuzi, ila likienda sambamba na yote mengine anapaswa kueleza kwa nini amelikataa. Hakueleza.

Mkono wa kushoto

Kosa la tatu ndilo lililonifanya nitake kuandika. Kwa mkono mkuu, neva ya kati iliyoharibika kwa kadiri hulipwa asilimia 30. Kwa mkono usio mkuu, 20. Faili lilisema mkono mkuu ni wa kulia, na ulioumia zaidi ni wa kushoto.

Maelezo ya mama yao yalikuwa aya moja. Alisema mtoto huyu alizaliwa wa kushoto. Alipoanza kula mwenyewe walimfundisha kutumia kulia kwa sababu kushoto hakuliwi, na wageni wangesema. Shuleni mwalimu alimpiga rula vidoleni hadi akaandika kwa kulia. "Lakini nazi hukuna kwa kushoto, kisu hushika kwa kushoto, na mpira hurusha kwa kushoto mpaka leo." Sajini naye, bila kujua umuhimu wake, alikuwa ameandika kwamba fundi huyu alikuwa akikazia boliti kwa mkono wa kushoto.

Ni wangapi kati yetu walilelewa hivi? Mtoto wa kushoto wa pwani, au wa Goma, au wa Bujumbura, hukua akila, akisalimia na akiandika kwa kulia, huku mkono wenye nguvu na shabaha ukibaki ule wa kuzaliwa. Mpimaji wa Marekani akiuliza unaandika kwa mkono upi, jibu la kweli linampa picha isiyo kamili.

Kanuni ya 4.69 imeliona jambo hili. Mkono mkuu huamuliwa kwa ushahidi ulio kwenye faili, au kwa kupimwa, na ni mmoja tu. Halafu inaongeza: kwa mtu anayetumia mikono yote miwili, mkono ulioumia, au ulioumia zaidi, ndio utakaohesabiwa kuwa mkuu. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba dada ni wa kushoto mtupu. Inatosha kwamba anaandika kwa huu na anafanya kazi kwa ule.

Katika mapitio ya ngazi ya juu unaweza kuomba mazungumzo ya simu na mkaguzi, mara moja. Huruhusiwi kuongeza ushahidi, bali kumwonyesha uliopo. Mazungumzo yalikuwa mafupi, na yalihusu karatasi tatu: aya ya mama, mstari wa sajini, na ukurasa wa upimaji wa pili wenye nyama iliyobonyea. Hakukuwa na hotuba kuhusu utumishi wala uzalendo. Wakaguzi wana mafaili mengi, na anayewaambia ukurasa gani wafungue anawasaidia.

Hesabu

Uamuzi mpya ulitoa 30 kwa neva ya kushoto, 10 kwa neva ya kulia na 10 kwa kifundo cha kushoto. VA haijumlishi moja kwa moja. Huanza na mwili mzima wa 100. Ukitoa 30, zimebaki 70. Asilimia 10 ya 70 ni 7, jumla 37. Zimebaki 63, asilimia 10 yake ni 6.3, jumla 43. Ukisimama hapo, huzungushwa kuwa 40.

Lakini ulemavu umegusa mikono yote miwili, na kanuni ya 4.26 inasema jumla hiyo iongezwe sehemu yake ya kumi: 43 na 4.3 ni 47.3, ambayo huzungushwa kuwa 50. Sasa irudie hesabu hiyo hiyo ukiuita mkono wa kushoto usio mkuu, yaani 20, 10 na 10. Utapata 28, kisha 35, kisha nyongeza ya kumi ikufikishe 38.5. Hiyo ni 40.

Kwa viwango vya 2025, mtu asiye na wategemezi alipata dola 774.16 kwa mwezi akiwa na asilimia 40, na dola 1,102.04 akiwa na 50. Tofauti ilikuwa dola 327.88 kila mwezi, na ilitoka kwenye kisanduku kimoja kilichojazwa kwa swali la kalamu. Fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato ya shirikisho, na humfuata mtu hata akirudi kuishi Kenya. Na kwa kuwa asilimia imefika 30 na zaidi, huongezwa kitu kwa ajili ya binti yake.

Nani wa kukusaidia

Dada alipokuwa amekataliwa mara ya kwanza, alipigiwa simu na kampuni iliyomwahidi asilimia kubwa kwa malipo ya miezi kadhaa ya nyongeza atakayopata. Alikaribia kutia sahihi. Sheria ni hii: hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa na kupeleka dai la kwanza. Baada ya uamuzi wa kwanza, wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA anaweza kutoza, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malipo ya nyuma huchukuliwa kuwa ya haki. Vyama vya wanajeshi wa zamani vina wawakilishi walioidhinishwa wasiotoza kitu. Muulize mtu kama ameidhinishwa, kisha hakiki kwenye orodha ya VA yenyewe. Asiye kwenye orodha, hata awe mtu wa kwenu na mnasali pamoja, usimkabidhi faili.

Upasuaji

Daktari anataka kuupasua mkono wa kushoto, kuilegeza kano inayoibana neva. Dada anauliza kama akipona watampunguzia. Wanaweza kumwita apimwe tena, na neva ikionekana kupona wanaweza kupendekeza kupunguza, ila ni lazima wamwandikie kwanza na kumpa siku 60 za kuleta ushahidi wake. Nimemshauri afanye upasuaji. Nyama ya dole gumba ikishakufa hairudi kwa urahisi, na ana miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake.

Kuna kanuni nyingine inayomhusu, ya 4.30. Upasuaji wa ugonjwa uliokubaliwa, ukihitaji angalau mwezi mmoja wa kupumzika, humpa mtu asilimia 100 ya muda wakati anapona. Haiji yenyewe. Inadaiwa, na inahitaji daktari aandike ni wiki ngapi hataweza kuutumia mkono. Barua hiyo ameiomba tayari, na ameomba iandikwe mkono gani anaofanyia kazi.